Nyumba za Safu za Matofali Mekundu: Kusoma Dalili Kabla ya Kumlipa Fundi

Ukuta wa sebule umelowa kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, rangi inabambuka kama magamba ya samaki, na fundi wa kwanza aliyeitwa amegusisha ukutani kifaa chenye sindano mbili, kifaa kikalia, naye akatangaza kwamba maji yanapanda kutoka ardhini na dawa yake ni kutoboa safu ya matundu na kuingiza kemikali. Wenye nyumba wengi wa Uingereza wamelipia dawa hiyo, na si wachache walioona unyevu ukirudi palepale, kwa sababu ukuta haukuwa na ugonjwa uliotajwa. Nyumba za safu, yaani zilizoungana ukuta kwa ukuta, zilizojengwa kwa matofali mekundu katika zama za Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901, zina udhaifu wake wa tangu kuzaliwa, lakini kwa maoni yangu sehemu kubwa ya maradhi tunayoyaona leo imeletwa na matengenezo ya baadaye, yaliyofanywa na watu walioishika nyumba ya chokaa kana kwamba ni nyumba ya saruji.

Karibu nyumba moja kati ya tano nchini England ilijengwa kabla ya 1919, kwa hiyo msomaji aliyehamia Leicester, Leeds, Birmingham au mashariki ya London huenda tayari analala ndani ya mojawapo. Maelezo yanayofuata yanaanzia kwenye dalili na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Hata hivyo, hakuna dalili inayosomeka vizuri kwa mtu asiyejua nyumba yenyewe ilivyoundwa, na hapo ndipo pa kuanzia.

Nyumba ilivyojengwa

Ushuru wa matofali uliotozwa tangu 1784 ulifutwa mwaka 1850, kodi ya madirisha ikafutwa mwaka uliofuata, na mwaka 1858 Friedrich Hoffmann alipata hataza ya tanuri la mviringo ambalo moto wake huhama kutoka chumba hadi chumba bila kuzimwa. Matofali yakawa mengi na nafuu, na reli zikayasafirisha mbali na mahali yalipochomwa. Sheria ya Afya ya Umma ya 1875 ikazipa mamlaka za miji nguvu ya kuweka kanuni za upana wa mtaa, nafasi ya wazi nyuma ya nyumba na upitishaji wa hewa, na kanuni hizo ndizo zilizozaa zile safu ndefu zilizonyooka kama rula, zenye kichochoro nyuma na uani mdogo wenye choo.

Wekundu unatokana na chuma kilichomo katika udongo, ambacho huungana na oksijeni ndani ya tanuri. Kwa hiyo rangi ya mtaa ni habari ya jiolojia yake: Accrington huko Lancashire palitoa tofali jekundu gumu mno kutokana na miamba ya eneo la makaa ya mawe, Ruabon kaskazini ya Wales pakatoa mapambo mekundu ya udongo wa kuchoma, ilhali London ilizoea tofali la manjano na kuutumia wekundu kwenye matao ya madirisha na pembe za nyumba tu.

Mambo manne ya ujenzi huu yanafaa kukaa kichwani muda wote. Ukuta ni mzima, hauna uwazi katikati, na unene wake ni takriban sentimita 23, yaani urefu wa tofali moja. Matofali yameunganishwa kwa chokaa, ambayo ni laini kuliko tofali na hupitisha mvuke. Sakafu ya chini kwa kawaida ni mbao zilizolazwa juu ya boriti, na chini yake pana nafasi tupu inayopitiwa na upepo kupitia matofali yenye matundu. Na kila chumba kikubwa kilikuwa na meko na dohani iliyovuta hewa usiku na mchana. Ukuta wa namna hii hunyonya mvua kiasi, kisha huiachia jua na upepo viikaushe, huku hewa ya ndani ikipanda na moshi. Mizani hiyo ikivurugwa popote, dalili hujitokeza, na mara nyingi hujitokeza mbali na pale ilipovurugwa.

Dalili: unyevu chini ya ukuta wa ghorofa ya chini

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na hapa nitakaa kwa muda.

Anza nje, tena anza wakati mvua inanyesha. Tazama mfereji wa paa, bomba la kushusha maji na shimo linalopokea maji hayo. Mabomba ya zamani ni ya chuma cha kusubu, na hupasuka upande wa nyuma, ule unaogusa ukuta, ambako mpakaji rangi hakufika. Alama ya kijani ya ukungu au mwani inayoteremka ukutani inatosha kuwa ushahidi. Katika nyumba niliyowahi kupanga, kampuni moja iliyoitwa na mwenye nyumba ilitoboa matundu kwenye ukuta wa mbele wote na kuacha hati ya dhamana. Majira ya baridi yaliyofuata unyevu ulirudi. Jirani mmoja mzee, aliyewahi kuwa mwashi, alinitoa nje siku ya mvua akanionyesha maji yakimwagika kutoka kwenye kiungo cha bomba na kurukia msingi. Kiungo kile kilitengenezwa kwa muda mfupi kuliko ule uliotumika kuandika hati ya dhamana.

Baada ya mabomba, pima kimo cha ardhi. Kuanzia miaka ya 1870 kanuni za ujenzi zilianza kudai tabaka la kuzuia unyevu karibu na chini ya ukuta, na mafundi walitumia sleti (mabamba membamba ya mwamba), lami, au kozi, yaani mistari ya kulala, za matofali ya buluu ya Staffordshire yasiyonyonya maji. Tabaka hilo lapaswa kuwa angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Lakini njia ya miguu imewekwa lami mara tano, uani umemwagiwa zege, kitanda cha maua kimejazwa udongo, na sasa ardhi imelifikia au hata kulipita, ikawa ni ngazi ya maji kupandia. Hakuna kemikali inayotibu hali hiyo. Tiba ni sepeto: shusha ardhi, au chimba mfereji mwembamba wa changarawe kando ya ukuta bila kugusa chini ya msingi, kwa kuwa misingi ya nyumba hizi mara nyingi haina kina.

Kisha tafuta matofali yenye matundu. Yakiwa yamezibwa na rangi, udongo au na mtu aliyechoka kupigwa na baridi miguuni, nafasi iliyo chini ya sakafu hugeuka chumba cha mvuke, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huanza kuoza kimyakimya.

Ndani ya nyumba, chunguza lipu. Lipu ya saruji iliyopigwa hadi sakafuni huliruka tabaka la kuzuia unyevu na kuyapa maji daraja. Lipu ya jasi nayo huloa na kubomoka. Sindano za kifaa kile hazipimi maji moja kwa moja. Zinapima jinsi umeme unavyopita, na kipimo chake kimesanifiwa kwa ajili ya mbao. Ukuta wenye chumvi hukifanya kifaa kilie hata ukiwa mkavu kiasi, na ukuta wa nyumba ya miaka 130 haukosi chumvi.

Je, unyevu unatoka ukutani au ni mvuke wa chumbani unaoganda juu ya ukuta wa baridi? Jaribio la zamani halina gharama: bandika kipande cha karatasi ya alumini ukutani, ziba kingo zote kwa utepe, uache siku mbili. Matone yakitokea juu ya karatasi, upande wa chumba, chanzo ni mvuke wa ndani. Yakitokea nyuma yake, maji yanatoka ukutani.

Maji yanayopanda kutoka ardhini yapo kweli, ingawa hutajwa mara nyingi kuliko yanavyotokea. Yana sura yake: mstari wa mawimbi unaokwenda karibu sambamba na sakafu, kwa kawaida usiozidi mita moja hivi, wenye ukanda wa chumvi nyeupe juu yake, na usiobadilika sana kati ya siku ya mvua na siku kavu. Doa lililoko juu zaidi, au lililoko sehemu moja tu, lina mwanzo mwingine. Hata unapopata ugonjwa huo halisi, ondoa kwanza lipu ya saruji, rudisha hewa chini ya sakafu, shusha ardhi, halafu subiri. Kanuni ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo ukuta wa sentimita 23 unahitaji karibu miezi tisa kukauka. Anayekuahidi ukuta mkavu baada ya wiki mbili anauza rangi.

Dalili: nyuso za matofali zinabanduka

Tofali linaonekana limeliwa katikati huku kiungo kilicholizunguka kikiwa kimesimama kama fremu ya picha. Chanzo kinachoongoza ni saruji. Saruji ya Portland ilipewa hataza mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin wa Leeds, lakini iliwachukua waashi wa nyumba za kawaida miongo mingi kuiacha chokaa, na hasa ni katika karne ya 20 ambapo viungo vya zamani vilianza kukwanguliwa na kujazwa saruji. Kiungo cha chokaa ni njia ya kutokea ya unyevu. Kikizibwa kwa saruji, maji hulazimika kutokea kwenye tofali lenyewe. Usiku wa baridi kali maji hayo huganda, na maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, yakausukuma uso wa tofali hadi ukatoka. Waliowahi kuona majengo ya mawe na chokaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar yaliyokarabatiwa kwa saruji watakumbuka lipu ikitoka kwa mabamba. Huko hakuna barafu, bali chumvi hufanya kazi ileile.

Sababu nyingine ni kusafisha kwa mchanga unaorushwa kwa shinikizo. Tofali linapochomwa hupata ngozi ngumu ya nje, na anayeing'oa ngozi hiyo ili mtaa ung'ae amelifungulia tofali mlango wa mvua. Rangi isiyopitisha mvuke ina kosa lilelile kwa kuchelewa.

Tengeneza hivi. Toa saruji kwa patasi na nyundo kwa subira, kwa kuwa mashine ya kukata huparuza kingo za matofali na jeraha hilo halifutiki. Ingia kina kisichopungua mara mbili ya upana wa kiungo. Piga pointi, yaani jaza viungo upya, kwa chokaa, ama ile ya kuloweka au ile inayoganda kwa maji yenye nguvu ndogo, iliyochanganywa na mchanga wenye chembe za ukubwa tofauti. Kazi hii haifanywi wakati joto liko chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, wala chini ya jua kali bila kufunika kwa gunia bichi, maana chokaa ikikauka haraka hugeuka unga. Matofali yaliyokufa yatolewe mojamoja. Mengine yanaweza kugeuzwa, uso wa nyuma ukaja mbele. Ukilazimika kununua, kumbuka kwamba tofali la leo lina kimo cha milimita 65, ilhali la zamani, hasa kaskazini ya England, linaweza kufika 73 au zaidi. Ukilichanganya, kozi hazitakutana, na kiraka kitaonekana kutoka upande wa pili wa mtaa.

Jambo moja la kuangalia kabla hujaanza: ukuta wa mbele na wa nyuma si ndugu wa tumbo moja. Mjenzi aliweka mbele matofali yaliyoshindiliwa, yenye pembe kali na viungo vyembamba kama mstari wa kalamu, kwa sababu ndiyo yaliyovutia wapangaji. Nyuma na ndani akaweka matofali ya kawaida, mengine yakiwa hayakuiva vizuri. Viungo vyembamba vya mbele viguswe pale tu vilipobomoka.

Dalili: ukungu mweusi pembeni mwa dari na nyuma ya kabati

Huu ni mvuke wa ndani. Meko zimezibwa, madirisha ya mbao yaliyopitisha upepo yameondolewa na ya plastiki yamewekwa bila matundu ya hewa, nguo zinaanikwa sebuleni, na ukuta wa kaskazini ni baridi kuliko vyote. Kufuta kwa dawa huondoa rangi nyeusi kwa mwezi mmoja. Fungua tundu katika kila meko iliyozibwa, weka feni yenye nguvu jikoni na bafuni, sogeza makabati yaache upenyo, na pasha joto la wastani mfululizo badala ya moto mkali wa saa moja jioni. Mpangaji asikubali haraka lawama kwamba anapika au anaoga kupita kiasi: kifungu cha 11 cha Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 1985 kinamtwika mwenye nyumba matengenezo ya muundo na sehemu ya nje, ikiwemo mifereji na mabomba, na sheria ya 2018 nchini England inadai nyumba iwe inafaa kukaliwa na binadamu.

Dalili: nyufa

Ufa una upana, mwelekeo, umri na tabia, na vyote vinne viandikwe daftarini kabla ya kuogopa. Nyumba hizi zilijengwa juu ya misingi mifupi na zilizama kidogo katika miaka yake ya mwanzo. Chokaa ikavumilia, dirisha likaachwa limeinama kidogo, na tangu hapo hakuna kilichosogea. Ufa wenye vumbi, rangi na buibui ndani yake ni wa kale. Ufa wenye kingo kali na safi umezaliwa karibuni. Kwa kipimo kinachotumiwa sana Uingereza, ufa usiozidi milimita 5 huhesabiwa kuwa uharibifu mdogo, na unaozidi hapo huanza kudai uchunguzi wa mhandisi.

Ufa wa ngazi unaofuata viungo na kupanuka kadiri unavyopanda huonyesha kwamba sehemu moja ya jengo inazama au inajipindua mbali na nyingine. Utazame zaidi mahali ambapo dirisha la kibaraza, lile lililojitokeza nje, linaungana na ukuta wa mbele, na mahali ambapo kijumba cha jikoni cha nyuma kinaungana na nyumba kubwa, kwa sababu sehemu hizo zilijengwa kwa misingi ya kina tofauti na mara nyingine hazikufungamanishwa sawasawa. Ukipanuka mwishoni mwa kiangazi na kufumba wakati wa baridi, mtuhumiwa ni udongo wa mfinyanzi unaosinyaa, kama ule wa London, hasa mti mkubwa ukiwa karibu; ukame wa 1976 uliwafundisha Waingereza somo hilo kwa nyufa nyingi. Usikimbilie kuukata mti, kwani udongo ulionyimwa mnywaji wake unaweza kuvimba na kuinua msingi. Ufa unaopanuka bila kujali majira, karibu na mfereji wa maji machafu, humtaja mtuhumiwa mwingine: mabomba ya udongo uliopakwa kioo, yaliyolazwa wakati nyumba inajengwa, yakavunjika viungo na sasa yanaosha ardhi iliyo chini ya msingi. Kamera iingizwe kwenye mabomba kabla mtu yeyote hajataja kuimarisha msingi.

Nyufa za juu ya madirisha zina chanzo chake. Nyuma ya tao zuri la matofali mekundu, upande wa ndani, kuna linta ya mbao. Ikioza, ukuta wa juu hushuka. Kwenye madirisha ya kibaraza nguzo za mbao zilizo kati ya vioo zilibeba mzigo wa juu, na muuzaji wa madirisha ya plastiki aliyeziondoa bila kuweka nguzo ya chuma amelitundika paa la kibaraza juu ya kitu kisichobeba. Mlango wa chumba cha juu ukianza kukwama miezi michache baada ya madirisha mapya, anza hapo.

Bandika kipimo cha nyufa na ukisome kila mwezi kwa mwaka mzima. Ni ushauri usiopendeza, lakini ufa usiofuatiliwa huenda ukatengenezwa mara tatu.

Dalili: ukuta umetoa tumbo

Simama pembeni ya safu, fumba jicho moja, utazame kwenye uso wa ukuta, kisha hakikisha kwa timazi. Ukuta wa Victoria unaweza kutoa tumbo kwa sababu ya ujanja uliokuwa wa kawaida. Tofali la mbele lilikuwa ghali. Mjenzi akalikata nusu, ili kile kinachoonekana kuwa kichwa cha tofali lililoingia hadi ndani kiwe kipande tu kinachofika katikati ya unene. Kwa macho bondi, yaani mfungamano wa matofali, imekamilika. Kwa kweli una kuta mbili nyembamba zilizosimama mgongo kwa mgongo, zikishikana kwa mazoea. Ongeza, katika baadhi ya nyumba, boriti za sakafu zinazokwenda kutoka ukuta mmoja wa ubia (ule unaotumiwa pamoja na jirani) hadi mwingine, zisizougusa ukuta wa mbele kabisa, na utaelewa kwa nini pana upenyo kati ya ubao wa sakafu na ukuta wa barabarani.

Hili ni la mhandisi wa miundo. Tiba ya zamani ilikuwa fimbo za chuma zinazopenya nyumba nzima, zenye bamba la umbo la S au X nje. Siku hizi vyuma visivyoshika kutu huchomekwa ndani ya unene na kufungwa kwenye boriti. Kuubomoa ukuta wa mbele ni hatua ya mwisho, maana tofali lile na kiungo kile havipatikani dukani.

Dalili: paa limelegea, sleti zinateleza

Sleti ya Wales, kutoka machimbo kama Penrhyn na Dinorwic, mara nyingi huwa nzima baada ya karne moja. Kinachokufa ni msumari wa chuma unaoishikilia. Sleti moja moja zikiteleza hapa na pale, misumari yote ina umri uleule, na kuzishika kwa vibanzi vya risasi ni kununua muda tu. Zishushwe, zipangwe, zirudishwe kwa misumari ya shaba.

Paa lililozama katikati linahitaji swali moja: nani aliweka vigae vya zege? Vinaweza kukaribia mara mbili ya uzito wa sleti, na kenchi zile hazikukusudiwa kuvibeba. Ukiwa darini tazama pia ukuta wa ubia, kwani katika baadhi ya safu haukufikishwa hadi juu, na unaweza kumulika tochi ukaona masanduku ya jirani wa tatu. Hilo ni suala la moto kabla ya kuwa suala la faragha.

Dalili: doa la kahawia kwenye kifua cha dohani

Kifua cha dohani ni sehemu ya ukuta iliyojitokeza chumbani, yenye meko na dohani ndani yake. Doa linalorudi kila linapopakwa rangi, na linalolowa zaidi siku za hewa nzito bila mvua, ni chumvi za masizi ya makaa ya mawe zinazovuta unyevu wa hewa. Baada ya Sheria ya Hewa Safi ya 1956 moto wa makaa ulipungua, meko zikazibwa, na mvua ikaendelea kuingia kwenye dohani lisilokuwa na joto la kuikausha. Liwekewe kofia juu na tundu chini, na lipu iliyojaa chumvi itolewe, ipigwe mpya ya chokaa. Dohani lililoinama juu ya paa limevimba upande unaolowa zaidi, ambako chumvi za salfeti zimeishambulia mota, yaani kiunganishi cha matofali.

Na ukikuta kifua cha dohani kimeondolewa chumba cha chini huku cha juu kingalipo, uliza leo, si kesho, kinashikiliwa na nini. Mara nyingine jibu ni boriti ya chuma. Mara nyingine jibu ni kimya. Kazi kubwa kama hiyo kwenye ukuta wa ubia inadai taarifa kwa jirani chini ya sheria ya kuta za ubia ya 1996.

Dalili: mtaa mzima umehukumiwa kuwa mgonjwa

Ugonjwa mbaya kuliko yote uliosemwa juu ya nyumba hizi ulisemwa na mamlaka. Kuanzia 2002 mpango wa serikali wa kufufua soko la nyumba ulizitaja safu nyingi za kaskazini na katikati ya England kuwa zimepitwa na wakati, watu wakahamishwa, madirisha yakapigiwa mabati. Huko Liverpool, mitaa ya Toxteth inayoitwa Welsh Streets, iliyobuniwa na msanifu Richard Owens na kupewa majina ya mahali pa Wales, ilisubiri kubomolewa kwa miaka, ukiwemo Madryn Street alikozaliwa Ringo Starr. Mwaka 2015 waziri mhusika, Eric Pickles, alikataa ubomoaji uliopendekezwa, na nyumba zikakarabatiwa, nyingine zikiunganishwa mbili kuwa moja. Watu wanaishi humo. Unyevu uliotolewa kama hoja ya kubomoa ulikuwa, kwa sehemu, unyevu wa nyumba zilizoachwa bila mifereji wala moto.

Si kila kilichojengwa kilistahili kutetewa. Nyumba zilizopeana mgongo, zenye ukuta mmoja tu wa nje na bila hewa ya kupita, zilipigwa marufuku mwaka 1909, ingawa Leeds iliendelea kuzijenga hadi 1937 na maelfu yake bado yanakaliwa huko Harehills na kwingineko; Birmingham imehifadhi ua mmoja wa nyumba hizo kama makumbusho. Ukikaa katika mojawapo, fahamu kwamba ushauri wote wa juu kuhusu hewa unakuhusu maradufu.

Kabla ya kugusa sehemu ya nje, uliza halmashauri kama mtaa uko katika eneo la hifadhi, utaratibu ulioanzishwa na sheria ya 1967. Penye masharti ya ziada hata kubadilisha dirisha au kupaka matofali rangi kunahitaji kibali.

Dalili: nyumba haishiki joto

Ukuta mzima wa sentimita 23 hupoteza takriban wati 2 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto, karibu mara kumi ya ukuta mpya. Kishawishi ni kuuvika nje mabamba ya povu na lipu juu yake, na katika mtaa wa matofali mekundu hilo ni sawa na kuufuta mtaa. Anza kwa darini, ambako joto jingi hupotea na hakuna cha kuharibu, kisha sakafu, ukiacha matofali yenye matundu wazi. Ukiamua kuvika ukuta kwa ndani, chagua mabamba ya nyuzi za mbao na lipu ya chokaa, tena yasiwe mazito kupita kiasi, kwa sababu kadiri chumba kinavyofungiwa joto ndivyo ukuta nyuma yake unavyozidi kuwa baridi na kuchelewa kukauka. Katika nyumba ambamo boriti zinakwenda mbele hadi nyuma, ncha zake zimechomekwa ndani ya ukuta huo. Baada ya majira ya baridi ya pili inua ubao mmoja wa sakafu kando ya ukuta wa mbele, chomeka bisibisi kwenye ncha ya boriti. Ikisimama kwenye mti mgumu, rudisha ubao. Ikizama, toa bamba la sehemu hiyo kabla ya kitu kingine chochote, na utazame mfereji wa paa ulio juu yake.